Nilivyolinda Mgongo wa Afande

Afande amefariki. Habari nilizipata Jumatatu asubuhi kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama Mkongomani anayetukanda sisi wenye vichwa vibovu pale Bukoto, hapa Kampala, na ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kawaida yake, maana mama huyu akishika simu huongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Safari hii alisema tu, "Mama, Afande yetu alienda," kikafuata kimya kirefu ambamo nilisikia pikipiki zikipita na mtu akipatana bei ya mabeseni katika duka la chini, kisha sauti ikaisha. Mwanzoni nilidhani amekwenda Bombo kuwatembelea ndugu zake. Ilibidi nipige simu ili nielezwe vizuri, na nilipoelezwa nilizima jiko, nikakaa, na chai sikuinywa.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanakijua kichwa changu kuliko wanavyonijua mimi. Nimekilalamikia humu mara nyingi kiasi kwamba baadhi yenu mlinitumia mizizi, majani na chupa moja ya kitu cheusi ambacho mpaka leo sijathubutu kukifungua. Nawashukuru. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba kichwa hicho kilipata nafuu, na kwamba nafuu yenyewe niliipata sambamba na askari jela mstaafu ambaye hakuwa rafiki yangu. Sikuwahi kula chakula chake, wala yeye changu. Namba yake ya simu sikuwa nayo. Tulikutana Alhamisi alasiri, kwenye benchi, kama watu wanavyokutana kwenye foleni ya benki, na hakuna aliyeniomba nimwandikie kumbukumbu. Naandika kwa sababu nina huzuni kubwa kuliko haki niliyo nayo, na kazi yangu ni hii.

Nianze na mama mwenyewe. Alisomea kazi ya kukanda misuli na viungo huko kwao Bukavu, akaifanya hospitalini miaka mingi kabla ya vita kumleta Kampala, na sasa amepanga fleti ya ghorofa ya pili yenye chumba kimoja cha kazi, korido yenye benchi, na pazia la maua. Si mganga, na hukasirika ukimwita hivyo. Nilipofika kwake mara ya kwanza hakunigusa. Aliniuliza kama kichwa kilianza ghafla, kama macho yanaingia ukungu, kama natapika, kama nina homa, akanirudisha kwa daktari nikapimwe presha na macho kwanza. Nilipolalamika kwamba nimekuja kukandwa, sikuja kuhojiwa, alisema kuna vichwa vya kukandwa na kuna vichwa vya kukimbizwa hospitali, na yeye hataki kukosea. Changu kilikuwa cha kukandwa. Ni kile kichwa cha watu wanaoshinda wameinamia kompyuta, kinachoanzia kwenye kisogo, kikapanda taratibu, kikaja kubana panja, pale kando ya macho, kama kofia ya mtoto iliyovalishwa mtu mzima. Mama alikuwa ananibonyeza mahali ambapo shingo inaingia kwenye fuvu, kwa dole gumba, bila haraka yoyote. Mwanzo kinauma zaidi, kisha kuna kitu kinaachia. Sikupona. Nilitoka kwenye kichwa cha kila siku nikaingia kwenye kichwa cha mara moja moja, na aliyewahi kuwa na kichwa cha kila siku anajua hiyo ni zawadi kubwa.

Afande nilimkuta pale. Benchi la korido siku zote lilikuwa limeegemezwa ukuta wa kushoto, mkabala na picha ya misuli ya mgongo. Siku hiyo nilikuta limehamishiwa mwisho wa korido, likitazama mlango wa kuingilia, na juu yake ameketi mzee mrefu aliyenyoosha mgongo ukutani, viatu vimeng'arishwa kana kwamba kuna mtu atakuja kuvikagua. Nilimsalimia. Aliitikia bila kunitazama, kwa sababu alikuwa anatazama mlango. Kidogo kidogo nilipata kujua kwamba ni Mnubi, kwamba wazee wao waliletwa huku kutoka Sudan wakiwa askari wa Waingereza, kwamba babu yake alikuwa askari na baba yake askari, na kwamba yeye aliingia magereza kwa sababu mwaka aliokwenda kuandikishwa, jeshi lilikuwa limejaa. Alitumikia magereza ya mikoani, ambayo hapa sitayataja, na alipostaafu alijenga nyumba Luzira, penye jela kuu ya nchi. Nilimwambia kwamba nimeelewa, mtu akishazoea jela hawezi kukaa mbali nayo. Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, akanieleza kwamba jela ya Luzira hakuwahi kupangiwa hata siku moja, na kwamba kiwanja alikinunua huko kwa sababu ya upepo wa ziwa.

Maumivu yake ya kichwa yalikuwa ya zamani kuliko ndoa za watoto wake. Alikuwa amezoea kumeza dawa asubuhi, mchana na jioni, mpaka tumbo likafanya vidonda na daktari akampiga marufuku. Kichwa kilipigwa picha, na picha zikaonyesha kichwa kizima. Sasa dawa hakuwa nazo na maumivu yalikuwa palepale, na kwa kuwa sauti ya aina yoyote ilimpasua, nyumba yake ilikuwa imenyamaza. Redio ilizimwa. Mkewe alikuwa anamwita kwa mkono. Wajukuu waliokuwa wakija kila Jumapili walikatazwa kuja, maana mtoto hawezi kucheza kwa kunong'ona. Alinieleza hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza habari za kiwanja, lakini alipofika kwenye wajukuu aliacha kutazama mlango, akatazama viatu vyake. Nikajua kwamba mzee huyu hakuja Bukoto kutafuta raha ya mwili. Alitaka wajukuu wake warudi, na alikuwa amebakiwa na njia moja tu.

Njia hiyo nayo ilikuwa na tatizo. Ili shingo ikandwe sawasawa, lazima mtu alale kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, na mkandaji awe upande asikoona. Afande hakuweza. Si kwamba alikataa. Alijaribu, na kila mama alipomgusa kisogo alijikuta amesimama sakafuni, akiomba radhi kwa adabu. Katika kazi yake alifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba wafungwa hawapewi mgongo. Unaingia ukiwatazama, unatoka ukiwatazama, unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlango ufungwe. Alipostaafu alirudisha funguo na sare, lakini hilo hakuna aliyemwambia alirudishe. Dukani alitoka kinyumenyume. Msikitini alikuwa anafika mapema kabla ya wenzake ili apate nafasi katika safu ya mwisho, karibu na ukuta, na sijasikia mwingine Kampala nzima anayewahi msikitini ili akae nyuma. Mama akawa anamkanda akiwa ameketi, paji la uso na panja, yaani mahali ambapo maumivu yalionekana, si mahali yalipokuwa yanakaa. Kila Alhamisi Afande alishukuru, akaondoka na kichwa alichokuja nacho.

"Papa," mama alimwambia siku moja, mlango ukiwa wazi na mimi nasikia, "siwezi kuponyesha shingo yenye sijashika."

"Shika basi," akasema Afande. "Mimi ndiyo nashindwa."

Walijaribu mengi. Walileta kioo wakakiweka sakafuni chini ya tundu, ili aone kinachoendelea juu yake, lakini alichoona ni uso wake mwenyewe, wenye macho mekundu, na akasema huyo ndiye aliyekuwa anamtia wasiwasi. Walifunga mlango kwa ufunguo, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mlango uliofungwa kwa ufunguo, kwa askari jela, maana yake kuna mfungwa ndani. Mama akapendekeza aje na mwanawe. Afande akajibu kwamba mwanawe ni mtu mzuri lakini atakuwa anaangalia simu. Kisha akageuka, akaninyoshea kidole mimi niliyekuwa benchini nikisubiri zamu yangu.

"Huyu Mukenya akae ndani," akasema. "Huyu anaangalia mulango."

Ni kweli nilikuwa nautazama mlango. Nilikuwa nautazama kwa sababu mimi ni mmbea, na kila aliyeingia pale nilitaka kujua amekuja na kichwa gani na nani amekisababisha. Afande aliichukulia sifa hiyo kuwa ni ujuzi wa ulinzi. Aliniuliza kama nimewahi kupiga kwata. Nikasema hapana. Akaniuliza kama huwa nasinzia mchana. Nikasema ndiyo, lakini naweza kujizuia. Alifikiri kidogo, akasema, "Kale," yaani haya, "tutajaribu," na hivyo ndivyo mimi, mwanamke mfupi wa Kakamega mwenye miwani, nilivyopewa lindo Bukoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Niliwekewa kiti cha plastiki upande wa miguu ya Afande, nikakaa nikitazama mlango. Simu ilikatazwa. Kitabu kilikatazwa. Mtu akiingia, niseme ni nani. Afande fulana hakuivua hata siku moja, na alikuwa amekwisha kumwuliza sheikh wake kuhusu kukandwa na mwanamke, akajibiwa kwamba matibabu ni matibabu, na kwamba kuwepo kwangu kunazidi kulisafisha jambo. Alhamisi ya kwanza mama aliweka mkono kwenye kisogo, Afande akauliza, "Mukenya?" Nikajibu kwamba nipo. Mkono ukasogea kidogo, akauliza tena, nikajibu tena. Tulikwenda hivyo kikao kizima, na nilitoka pale nimechoka kuliko aliyekanda na aliyekandwa. Lakini kitandani hakushuka.

Wiki zilivyosonga maswali yakapungua, na mahali pa maswali yakaingia mazungumzo. Kuna watu ambao hawawezi kukuambia kitu wakiwa wanakutazama. Afande, uso ukiwa ndani ya tundu, alikuwa anaiambia sakafu mambo ambayo benchini asingeyasema. Alieleza namna ya kupika posho, yaani ugali, ya mamia ya watu bila kuiunguza. Alieleza kwamba wafungwa hujua askari ataumwa kichwa kabla askari mwenyewe hajajua, na kwamba wengine walikuwa wanamwambia pole asubuhi, naye anakasirika, na adhuhuri kichwa kinaanza. Siku moja nikamwuliza swali nililokuwa nalo tangu mwanzo, kwamba ni nani aliyemshambulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kisa kizito, hata sura ya kukipokea nilikuwa nimeshaitengeneza.

"Hakuna," akasema.

Nikamwuliza, hata mara moja?

"Hata moja. Hakuna mutu alinigusa mpaka nastaafu. Sababu mimi hapana geuka."

Mama aliacha kukanda. Mimi niliutazama mlango kwa bidii kubwa. Sikujua nicheke au nilie, na nilijua kwamba lolote kati ya hayo mawili angelisikia. Mtu amebeba kichwa kinachopasuka miaka yote hiyo kwa ajili ya kipigo ambacho hakikuja, na hakuna anayeweza kumwambia kama kingekuja au kisingekuja. Ubaya wa kulinda ni huo. Ukifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea, na kwa sababu hakuna kinachotokea huwezi kujua ni lini uache.

Tangu siku hiyo nilianza kuitazama Kampala kwa jicho la Afande, na nikaona wote tuko zamu. Nikienda kununua mkate nakaguliwa mkoba. Pale Kabalagala ninakokwenda kula samaki na wenzangu, askari wa mlangoni huingiza kijiti mkobani, hukikoroga kidogo na kusema asante. Sijui anatafuta nini, na sidhani kama angekitambua akikipata. Ukuta wa nyumba ninayopanga una vipande vya chupa, juu ya vipande vya chupa kuna seng'enge, na chini ya vyote hivyo mwenye nyumba anafuga mbwa anayeniogopa. Sisemi kwamba wezi hawapo. Wapo, na simu yangu moja wanayo. Nasema tu mtazame mabega ya mji huu asubuhi, mwanamke aliyepakiwa kwenye boda amekumbatia mkoba tumboni, na mwanamume kwenye gari anayepandisha kioo kila foleni ikisimama. Mama wa Bukoto husema wateja wake wote wana shingo moja, wa ofisini na wa sokoni, Waganda na Wakenya, na Wakongomani wenzake pia, ila hao yeye hana haja ya kuwauliza sababu, kwa kuwa anaijua. Duka la dawa liko kila kona na kidonge unauziwa hata kimoja, tunameza, tunarudi zamu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeridhika kwamba kichwa changu ni cha kompyuta. Kisha nikajikuta jikoni siku moja naosha vyombo nimeuma meno kwa nguvu, peke yangu, milango yote imepigwa komeo, na kompyuta iko ofisini.

Basi ikafika Alhamisi ya chai. Afande alipitiwa na usingizi. Alikuwa anaeleza jambo kuhusu maharagwe, sauti ikapungua, ikakatika, na baada ya muda kidogo tukasikia mkoromo ukitokea kwenye tundu. Mama alinitazama macho yamemtoka. Mikono yake haikuondoka shingoni, ila aliilegeza, akawa anakanda kama mtu anayepapasa mtoto mchanga. Ni wakati huo huo mlango ulipofunguliwa, akaingia mwanamke wa mgahawa wa jirani ambaye humletea mama chupa ya chai kila alasiri. Niliinua mkono kumzuia. Alidhani namsalimia, naye akanipungia, akapita nyuma ya Afande karibu kiasi cha gauni lake kugusa kitanda, akaweka chupa dirishani, akatoka. Afande hakuamka. Tulibaki tumetulia, mimi na mama, kama wageni waliovunja sahani ya mwenyeji. Alipoamka hakuuliza amelala kwa muda gani.

"Mukenya. Nani aliingia?"

Mama, akiwa nyuma yake, alinitikisia kichwa kwa nguvu kwamba nisiseme. Nilimwelewa. Kazi yake ya miezi yote hiyo ilikuwa kwenye ulimi wangu. Nikisema ameingia mtu, huenda mzee huyu asingelala kifudifudi tena maishani mwake, na wale wajukuu wangebaki kwao. Lakini nilikuwa nimekubali kutazama mlango na kusema ninachokiona. Kama ningemdanganya hiyo mara moja, angeendelea kulala Alhamisi zote zilizobaki akiutegemea uongo wangu, na mimi ningekuwa nakaa pale nikijua. Nikamwambia ameingia mwanamke wa chai, amepita nyuma yake, ameweka chupa, ametoka.

Afande aliinuka, akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliitazama ile chupa kwa muda mrefu.

"Na mimi nilikuwa nalala?"

"Ulikuwa unakoroma, Afande."

"Na yeye amefanya nini?"

"Ameweka chai."

Alivaa viatu, akafunga kamba polepole, akaaga. Mlangoni alitoka kinyumenyume kama kawaida yake. Mama naye siku hiyo alinikanda kwa mkono wenye ghadhabu, na shingo iliniuma mpaka Jumamosi.

Wiki iliyofuata nilifika mapema kwa hofu. Afande akaja kwa wakati wake, viatu vikimetameta, akanisalimia, akauliza hali ya nyumbani. Mama alipofungua mlango nilisimama kwenda kwenye kiti changu, na Afande akanizuia kwa mkono.

"Leo kaa nje," akasema.

Nikakaa. Mlango ukafungwa. Kusema kweli niliumia, maana mtu anaweza kuwa amechoshwa na kazi na bado ikamuuma akiachishwa. Nilitega sikio. Hakuna aliyeuliza nani yupo. Baada ya muda nilisikia mkoromo ukipita chini ya mlango, na nikaanza kulia pale benchini, kilio cha furaha ambacho sikukitegemea. Mteja mwenzangu aliyekuja na shingo iliyokakamaa alidhani ni kichwa kimenizidi, akanipa kidonge. Nikakimeza ili tusianze kuelezana.

Kichwa cha Afande hakikupona kabisa. Kiliendelea kumjia siku za joto kali na siku za siasa redioni. Lakini redio yenyewe iliwashwa, na wajukuu wakarudi. Kila tulipokutana aliwalalamikia: wanakimbia ndani ya nyumba, wamemwaga maji kwenye kochi, kuna mmoja anayelia kama gari la wagonjwa kuanzia asubuhi mpaka anapewa chakula. Aliwalalamikia kwa raha kubwa, sauti juu, korido nzima ikisikia. Kiti changu mama alikihamishia jikoni kwake, na benchi likarudishwa ukuta wa kushoto, na hakuna aliyelalamika.

Afande hakufa kwa kichwa. Ulikuwa moyo. Alifariki Jumapili alasiri, usingizini, nyumbani kwake, na kesho yake akazikwa Bombo. Mimi na mama wa Bukoto tulikwenda Luzira siku iliyofuata kutoa pole. Tulipelekwa upande wa wanawake, tukakaa mkekani, watoto wakikimbia huku na huku na hakuna aliyewanyamazisha. Mjane ni hajati mwembamba mwenye sauti ya chini. Mama alikuwa anafahamika pale. Mimi niliulizwa ni nani, nikaanza kueleza kwamba ni mwandishi, kwamba ni Mkenya, kwamba nilikuwa na kichwa, nikaona maelezo hayafiki popote. Mama akaniokoa, akasema, "Huyu njo ule wa kiti."

Hajati alinishika mkono, na hakuuachia tena mpaka tulipoondoka. Alisema ameishi na mumewe tangu akiwa msichana, na kwamba miaka yote hiyo, saa yoyote aliyofungua mlango wa chumba, alikuta macho ya mumewe yako wazi yanamtazama, hata akitembea bila viatu. Mwaka huu, alisema, ndipo mumewe alipoanza kulala kama watu wengine. Kisha akanisimulia Jumapili ile. Watoto walikuwa uani wakipiga kelele, mzee akala vizuri, akaenda kujinyoosha. Wakati wa sala ya alasiri ulipokaribia alikwenda kumwuliza kama amwekee maji ya kutawadha.

"Nikafungua mulango," akasema, "nikakuta amelala upande, anaangalia ukuta, mugongo yake iko kwangu. Nikaita kidogo, hakusikia. Nikasema, leo muzee wangu amelala kweli. Nikafunga mulango polepole, nikarudi jikoni. Nilikuwa naimba."

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu alisema kwa upole kwamba labda angemtikisa wakati ule. Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba isingesaidia, alikuwa amekwisha kwenda, lakini hakuna msiba unaokosa mtu wa kusema hivyo. Hajati hakumkasirikia.

"Mimi nalia muzee," akamjibu. "Ule mulango siulilii."

Mnajua kwamba sipendi kuwaacha mikono mitupu. Mwenye kichwa cha siku nyingi aende kwanza akapimwe, na akiambiwa hakuna kitu, amtafute mtu aliyeisomea kazi ya kukanda, amwachie shingo. Hilo ni la mwili, na wengi mnalijua. Lingine nilirudi nalo kutoka Luzira. Tumezoea kuhesabu kwamba anayetupenda ni yule anayetutazama, anayegeuka tukimwita, anayeamka tukiingia. Mimi sasa nahesabu pia yule anayeweza kulala fofofo ukiwa nyuma yake. Ukimkuta mtu wako mchana, nyumba ina kelele, naye amelala hivyo, usimwamshe kumwuliza kulikoni. Funga mlango polepole, uende jikoni, uimbe.